Je, Kuchoma Makala Ni Dhambi?



 Katika masomo yaliyopita tulijifunza amri ya saba, ile inayotukataza kuiba mali ya mwenzetu. Baada ya somo lile nimeletewa swali moja na watu wengi, wengine kwa mdomo, wengine kwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Wauliza: "Katekista, sisi ni wachoma makala. Watu wa mjini wanasema tunaimaliza dunia. Je, kazi yetu ni dhambi? Yatupasa kuiungama?"

Swali hili ni zuri, nami sitaki kulijibu kwa haraka. Tena limekuja kwa wakati wake. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliiweka tarehe 1 Septemba kuwa siku ya kuombea utunzaji wa viumbe vya Mungu, na tangu siku hiyo hata tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, Wakristu wa nchi nyingi hukumbushana habari za ardhi, maji, miti na wanyama. Kwetu Katanga mwezi wa Septemba ndio mwezi wa moto. Ukisimama jioni mbele ya nyumba yako waona moshi pande zote, na jua lazama jekundu kama shaba katika tanuru. Kama kuna mwezi ambao sisi tunapaswa kufikiri habari za pori letu, ni huu.

Kuchoma makala, peke yake, si dhambi. Mungu aliwapa watu moto na kuni, na mtu anayewatafutia watoto wake chakula kwa jasho lake hafanyi neno baya. Wazee wetu, wale waliopewa jina la wala-shaba, waliyeyusha mawe ya kijani kwa makala ya pori hili hili miaka mingi sana kabla reli haijafika Élisabethville mwaka 1910. Kwa makala hayo walitengeneza misalaba midogo ya shaba, ikawa fedha yao ya kununulia vitu na ya kutolea mahari, nao bado hawajasikia habari ya Msalaba wa Bwana wetu. Basi makala si kitu kigeni, wala si kitu cha aibu.

Lakini kumbukeni tulivyojifunza juu ya divai. Divai si dhambi. Ulevi ni dhambi. Kadhalika hapa twapaswa kuuliza: makala kiasi gani, yamekatwa wapi na kwa namna gani, na nani atakayebaki na hasara?

Siku za wala-shaba watu walikuwa wachache, na tanuru ziliwaka miezi ya kipwa tu. Leo mji wa Lubumbashi peke yake una watu zaidi ya milioni mbili, na nyumba nyingi hupika bukari juu ya mbabula mwaka mzima, bila kupumzika hata Dominika. Tena katika tanuru letu la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 mpaka 20 za makala, zaidi kidogo kwa fundi hodari. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Kwa hiyo kila gunia linaloondoka kijijini juu ya baiskeli lina nyuma yake mzigo mkubwa wa kuni usioonekana. Mwanzoni miti ilikatwa karibu na mji. Siku hizi malori huenda mbali sana kuyafuata makala, na mahali pengi palipokuwa msitu pana majani marefu na vichaka. Wazee wanaonisikia hawahitaji mtu wa kuwahesabia. Wanakumbuka walikokuwa wakiokota uyoga wakiwa watoto, na wanajua leo pakoje.

Hapa nina neno kwa watu wa mjini, maana najua baadhi yao wanasikiliza. Msimnyoshee mchoma makala kidole huku mkono wa pili umeshika gunia lake. Yeye hachomi kwa kupenda moshi. Anachoma kwa kuwa ninyi mnanunua, nanyi mnanunua kwa kuwa umeme haufiki jikoni kwenu, au wafika leo na kesho haupo. Jambo hilo lasikitisha, maana nchi yetu haikupungukiwa na maji yenye nguvu. Mitambo ya Mwadingusha, katika mto Lufira, ilianza kazi mwaka 1930. Tangu miaka ya 1980 nyaya kubwa zaleta umeme toka Inga mpaka Kolwezi, safari ya kilomita 1,700 hivi, zikipita juu ya vijiji ambako mama anapuliza kuni apate kupika sombe. Nyaya hizo zilijengwa kwa ajili ya migodi. Wenye kuamua mambo hayo nao wana dhamiri, nao wataulizwa siku yao. Lakini somo hili ni la vijiji, basi tutazame yaliyo mikononi mwetu.

Pori letu ni nini? Wataalamu huliita miombo, nalo limeenea toka Angola, likipita kwetu na Zambia, mpaka Malawi, Tanzania na Msumbiji. Miti yake mnaijua: muputu, mutondo na jamaa zao. Mgeni akiliona wakati wa baridi, majani yamekauka na kuanguka, hudhani ni pori lililokufa. Hajui kitu. Mwezi huu wa Septemba, wakati mbinguni hakuna hata wingu moja, na mvua bado majuma mengi, miti hiyo hutoa majani mapya, mekundu kama shaba na kama divai, ndipo baadaye yawe ya kijani. Maji yametoka wapi? Mizizi imeshuka chini mno, na mti umejiwekea akiba. Mimi nikiyaona majani hayo kila mwaka nafurahi kuliko kuona maua ya bustani za mjini.

Tena pori hili ni ghala. Profesa François Malaisse, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alitumia miaka mingi kuandika habari za vyakula wanavyovipata watu wa Katanga katika miombo, na mwaka 1997 alitoa kitabu kizima juu yake. Akina mama wangeweza kumtajia kurasa zake moja moja: matunda ya masuku na ya mupundu, asali, viazi vya porini, viwavi tunavyoviita vinkubala, na uyoga wa namna nyingi.

Juu ya uyoga nitakaa kidogo. Mmepata kujiuliza kwa nini uyoga uitwao tente, na ule uitwao kabansa, hauoti katika shamba la mahindi? Mbona hatupandi kabansa kama tunavyopanda mihogo? Sababu ni hii. Uyoga tunaouchuma ni kama tunda tu. Mwili wake wenyewe ni nyuzi nyembamba mno zilizo chini ya ardhi, nazo zimejifunga katika ncha za mizizi ya miti ya miombo. Nyuzi hizo huupa mti maji na chumvi za udongo, nao mti huzipa nyuzi sukari iliyotengenezwa na majani. Kila mmoja amlisha mwenzake, kama watu wa ndoa. Ukiung'oa mti, nyuzi zinakufa kwa njaa, na mama atazunguka na kikapu chake mahali pale pale asipate kitu, hata mvua ikinyesha namna gani. Upo na uyoga mwingine uliofunga ndoa na mchwa, siyo na miti. Ule mkubwa wa vichuguuni waweza kuwa na kofia yenye upana wa mita moja, na wataalamu wasema hakuna uyoga uliwao duniani unaouzidi ukubwa. Huo nao wataka kichuguu chake kisibomolewe chote kwa kufyatua matofali.

Basi mtu akiangusha pori lote la kando ya kijiji apate magunia, hajauza makala tu. Ameuza na uyoga wa mama yake, na vinkubala vya jirani, na maua ya nyuki wa mzee mwenye mizinga. Naye hakuwauliza. Hapo ndipo amri ya saba inapoanza kuligusa shoka.

Tukumbuke kitabu cha Mwanzo, sura ya pili. Mungu alipomweka mtu katika bustani alimpa kazi mbili, siyo moja: kuilima na kuilinda. Wengi wetu tumeshika ile ya kwanza peke yake. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, Waisraeli waliouzunguka mji wa adui wakati wa vita walikatazwa kuiharibu kwa shoka miti ya matunda iliyo nje ya mji. Miti isiyozaa chakula waliruhusiwa kuikata. Oneni akili ya sheria ile: haikuzuia kila shoka, wala haikuruhusu kila shoka. Iliwafundisha kuchagua, hata wakati wa vita, ambapo watu wenye hasira hawachagui. Sisi hatuna vita na pori. Tena kwetu masuku na mupundu, na miti inayolisha viwavi, ndiyo miti ya matunda.

Sasa nafika mahali ninapopapenda. Watu wengi hudhani kutunza pori maana yake ni kupanda miti. Kila mwaka twasikia sikukuu za kupanda miti, zenye hotuba na picha, na wakubwa wenye viatu safi wakishika jembe. Sizidharau. Huko karibu na Kinshasa, mahali paitwapo Mampu, watu walipanda mikasia ya kigeni katika hekta 8,000 hivi. Baina ya miti hupanda mihogo na mahindi, huvuna makala na asali, na kazi hiyo imewalisha wengi. Lakini huko palikuwa na watu wa kukaa na miti hiyo kila siku. Mche uliopandwa siku ya hotuba, pasipo mtu wa kuumwagilia na kuuzuilia mbuzi, umekufa kabla kipwa hakijaisha. Pori la miombo lina njia yake ya kurudi, na njia hiyo ni kisiki.

Fungueni kitabu cha Ayubu, sura ya 14. Mtu yule wa mateso aliutazama mti uliokatwa, akaona kwamba una tumaini lake, maana maji yakiufikia huchipua. Ayubu hakuwa mtu wa Katanga, lakini hiyo ndiyo habari ya muputu. Kisiki chake hakijafa. Mizizi iko hai chini, na akiba ya miaka mingi imo ndani yake. Mvua za Novemba zikianza, hutoa machipukizi pande zote. Hata miche midogo mnayoikanyaga bila kuiona ina siri. Mche uliofika kifundo cha mguu huenda una umri sawa na mtoto wa darasa la tatu. Miaka yote hiyo ulikuwa ukishusha mzizi, na kila kipwa kichwa chake kikaungua au kukauka, nao ukaanza tena. Unangoja nafasi. Ninyi mnapofyeka mwaona magugu, kumbe lile ni pori la wajukuu wenu limelala.

Wakati wa Majilio, mvua zikiwa zimeshika, Kanisa hutusomea unabii wa Isaya juu ya chipukizi litokalo katika kisiki cha Yese, ndiye Mwokozi wetu. Wakatekumeni wa nchi za mbali hufundishwa neno hilo kwa picha. Ninyi mnakiona kisiki chenyewe njiani mkienda kusali.

Basi nini kinachokiua kisiki? Mbele ya vyote ni moto uliochelewa. Sisemi kila moto. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Ndola katika Zambia, wataalamu wa misitu walianza kujaribu jambo hili mwaka 1933. Waliligawa pori la miombo vipande vipande. Mahali pamoja walizuia moto kabisa. Mahali pengine walichoma kila mwaka mapema, majani yakiwa bado na ubichi. Mahali pa tatu walichoma kila mwaka mwishoni mwa kipwa, majani yakiwa makavu kama karatasi na miti imeanza kuvaa majani mapya. Waliendelea hivyo miaka mingi. Palipozuiliwa moto, pori likawa zito, likaanza kufanana na ule msitu mnene tunaouita muhulu. Palipochomwa mapema, miti ikabaki, na machipukizi yakaendelea kukua. Palipochomwa mwishoni, miti mikubwa ikafa mmoja mmoja, machipukizi yakaungua mwaka hata mwaka, mwisho pakabaki majani na vichaka. Pori lilikuwa moja, na mvua moja, na udongo mmoja. Tofauti ilikuwa mwezi wa kuwasha kiberiti.

Kwa hiyo mtu anayechoma pori mwezi huu ili apate panya wa kuchoma, au ili njia ionekane vizuri, ameua machipukizi ya kijiji kizima kwa kitoweo cha siku moja. Anayelazimika kuchoma, achome Mei au mwanzo wa Juni, jioni, pasipo upepo, na watu wakiwapo wa kuulinda moto. Mahali palipokatwa karibuni, afadhali kulima ukanda safi kuzunguka ili moto usiingie kabisa miaka ya kwanza. Wazee wa nchi jirani walilijua jambo hili. Kwa Wabisa wa Zambia, katika nchi ya shefu Kopa, wakubwa waliagiza pori lichomwe mapema, tena waliweka siku ya kufungua mavuno ya vinkubala, ili viwavi vichanga visipotee. Desturi hiyo ililindwa kwa miiko. Mkristu haogopi miiko, lakini hekima iliyomo ndani yake aishike. Si kila kitu cha wazee wetu tulikiacha mlangoni siku ya ubatizo.

Kisha kuna tanuru lenyewe. Pale linapowaka siku nyingi, udongo huiva kama tofali. Mbegu, mizizi na zile nyuzi za uyoga hufa pamoja, na kwa miaka mingi pale hapaoti mti. Mvivu hujenga tanuru jipya kila mti unapoanguka. Mwenye akili hurudia tanuru lake la zamani na kuyakokota magogo mpaka pale. Ni jasho zaidi, najua. Tena huzikausha kuni zake kabla ya kuzifunika, huzipanga zikabanana, wala halali usingizi moto ukiwa ndani, maana tundu moja lililoachwa wazi laweza kugeuza kazi ya juma zima kuwa majivu. Tumezoea kumsifu mchoma makala aliyeangusha miti mingi. Mimi namsifu apataye magunia mengi kwa miti michache.

Na mwisho ni jembe. Makala yakiisha, watu hung'oa visiki wapande mahindi, na shamba likichoka wahamia mbele. Kisiki kilichoachwa kwa amani chataka miaka 20 hadi 30 kuwa mti wa makala tena. Kilichong'olewa hakirudi.

Mkitaka kuona nchi isiyo na kisiki, nendeni Penga Penga, pembeni mwa Lubumbashi. Tanuru kubwa la shaba la mji lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo uliupeleka moshi wake upande mmoja. Miti ya upande ule ikafa, mvua zikauchukua udongo wa juu, na ardhi ikashiba madini. Wataalamu wa chuo kikuu wamejaribu kuifunika ardhi ile kwa nyasi fupi za asili zinazovumilia shaba, nazo zimeshika. Lakini kupanda mti mmoja pale ni kazi sawa na kumwuguza mgonjwa: shimo lichimbwe, udongo mzuri uletwe toka mbali, na bado hamna hakika. Linganisheni kazi hiyo na kazi ya kukilinda kisiki, ambayo ni kutozuia tu kile ambacho Mungu amekwisha kukianza.

Sasa naomba mashefu na wazee wasogee karibu na redio, maana hili ni zito kuliko yote. Kila kipwa huja wageni wenye fedha. Humwita shefu pembeni, humpa bahasha, na kesho yake misumeno inalia porini. Hivyo ndivyo ulivyokwenda mti wetu mwekundu wa mukula. Ulikatwa ovyo na kupelekwa ng'ambo, hata mwaka 2019 mataifa yakapatana kuuingiza katika orodha ya miti ambayo biashara yake nje ya nchi ni lazima iwe na ruhusa. Kwa vijiji vingi ruhusa hiyo imekuja wakati mukula mikubwa imekwisha kuondoka.

Pori la kijiji si shamba la shefu. Yeye ni mlinzi wake, kama Yosefu alivyokuwa mlinzi wa ghala za Farao. Tena sheria ya nchi yetu imefungua mlango ambao wengi hawaujui. Kwa dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014, watu wa kijiji au wa vijiji kadhaa waweza kuomba pori walilolirithi kwa desturi liwe msitu wao wa jumuiya, hata kufika hekta 50,000. Hupewa kwa sahihi ya gavana wa jimbo, bila kuununua, wala hauna mwisho wa miaka. Hutakiwa mkutano wa watu wote, ramani iliyokubaliwa na majirani, na mpango unaoonyesha mahali pa kukata, mahali pa kupumzisha na mahali pasipoguswa. Katika mkutano huo akina mama waseme, wala wasikae nyuma na sufuria tu, kwa kuwa wao ndio wanaojua uyoga uko wapi. Siwadanganyi: ardhi na vilivyo chini yake ni mali ya Serikali kwa sheria, na karatasi hiyo haitafukuza kila mwenye kibali cha mgodi. Lakini kijiji chenye ramani na sahihi husikilizwa kuliko kijiji chenye manung'uniko.

Narudi kwa swali lenu la kuungama. Mtu anayekata kwa kiasi, akaacha miti ya chakula, akakilinda kisiki na kuuzuia moto, huyo ni mfanyakazi kama seremala. Aje Misa bila hofu. Anayejua kwamba moto wa Septemba unaua pori la jirani zake, naye akauwasha kwa uvivu, huyo analo la kuungama. Anayekata usiku katika pori la kijiji kingine ni mwizi, hata kama hakuna ua. Na aliyepokea bahasha akaliuza pori la watoto ambao hawajazaliwa, yeye dhambi yake ni kubwa kuliko ya mwenye shoka. Papa Fransisko, katika barua yake ya tarehe 24 Mei 2015, aliyataja mabonde ya Amazon na Kongo kuwa kama mapafu ya dunia. Sisi tuko pembeni mwa bonde hilo, mahali maji yake yanapoanzia. Maji ya mto Lubumbashi huingia Kafubu, na Kafubu huingia Luapula, yakapita ziwa la Mweru mpaka Lualaba, ndio mto Kongo wenyewe. Kilima kilichovuliwa miti kwetu ni tope katika maji ya watu tusiowajua.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila katekista awachukue wakatekumeni wake mpaka mahali palipokatwa mwaka jana au mwaka juzi. Kila mtu achague kisiki kimoja. Ayaondoe majani makavu yaliyokizunguka, kadiri ya hatua mbili kila upande, moto usipate njia. Ayatazame machipukizi, achague mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoota chini karibu na mzizi, na mengine ayakate kwa panga lenye makali, siyo kuyavunja kwa mkono. Vijiti atakavyovikata vinatosha kuchemshia maji ya chai. Kisha mwandike: visiki vingapi vinachipua, vingapi vimekufa, na moto ulipita pale mwezi gani. Nileteeni hesabu hizo kabla ya mvua ya kwanza, na katika somo la Oktoba nitazisoma kijiji kwa kijiji.